Sheria kama Somo la Umma: Selimundu na Mpangilio wa Wajibu kati ya Dola na Raia

Kwa kawaida sheria hutazamwa kama chombo cha kuamuru, kukataza na kuadhibu. Lakini katika mambo ya afya ya jamii sheria hufanya kazi nyingine ambayo hutajwa kwa nadra, nayo ni kufundisha. Bunge linapoutaja ugonjwa kwa jina katika kifungu cha sheria, linapoeleza ni nani anayeugua na ni nani asiyeugua, na linapoamua nani apimwe na matokeo yake yahifadhiwe wapi, huwa linatoa somo ambalo waajiri, walimu, kampuni za bima, viongozi wa dini na wazazi hulipokea kuwa ndiyo kauli ya dola kuhusu ugonjwa huo. Somo hilo likiwa sahihi, uelewa wa umma hukua. Likiwa na kosa, kosa husambaa kwa nguvu ileile ya dola, na kulifuta huchukua muda mrefu kuliko uliotumika kuliandika.

Mhadhara huu unaichunguza kazi hiyo ya sheria kwa kuangalia selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ambao katika hospitali na mitaa ya Tanzania hujulikana zaidi kwa jina la sikoseli. Mfano mkuu unatoka Marekani, kwa kuwa huko sheria nyingi za kuuelimisha umma kuhusu ugonjwa huu zilitungwa katika kipindi kifupi cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na faida na madhara yake yakaonekana waziwazi. Hoja inayotetewa ni kwamba sheria ya aina hii hufaulu pale inapoanza kwa kuibebesha dola wajibu wa kutibu, kisha ndipo inapomwomba raia apimwe. Mpangilio huo ukipinduliwa, upimaji huzaa hofu na ubaguzi hata kama nia ya watunga sheria ilikuwa njema.

Kuugua na kubeba kinasaba

Selimundu hutokana na badiliko dogo katika kinasaba kinachoongoza utengenezaji wa himoglobini, yaani protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu ambayo hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana kutoka Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatofautiana na ya watu wengine. Na katika miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram alibainisha kuwa tofauti hiyo ni ya asidi amino moja tu, ambapo valini imechukua nafasi ya asidi ya glutamiki. Kwa sababu ya badiliko hilo, himoglobini inapopungukiwa na oksijeni hujikusanya kuwa nyuzi ngumu zinazoipinda chembe ikawa kama mundu, na chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo ya damu na kufa mapema. Ndiyo maana mgonjwa hupatwa na vipindi vya maumivu makali ya mifupa na viungo, upungufu wa damu, kiharusi hata katika umri wa utoto, na maambukizi hatari ya bakteria, kwani bandama, kiungo kinachosaidia kuchuja vijidudu katika damu, huharibika tangu miaka ya mwanzo ya maisha.

Kila mtu hurithi nakala mbili za kinasaba hiki, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi nakala ya selimundu kutoka kwa wazazi wote wawili huugua. Aliyerithi nakala moja ya selimundu na moja ya kawaida huitwa mbeba kinasaba, naye kwa kawaida huishi maisha yake yote bila dalili za ugonjwa, ingawa anaweza kuirithisha nakala hiyo kwa watoto wake. Wabeba kinasaba wawili wakizaa pamoja, katika kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atakuwa mgonjwa, nusu kwamba atakuwa mbeba kinasaba kama wao, na robo kwamba hatakuwa na nakala hiyo kabisa. Katika makala zake za mwaka 1954, zilizotokana na uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, Anthony Allison alionyesha kwamba kubeba kinasaba hiki humpa mtoto kinga dhidi ya malaria kali, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini kimeenea zaidi katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi. Kwa hiyo mbeba kinasaba si mgonjwa, wala si mgonjwa mtarajiwa. Sehemu kubwa ya madhara ya sheria zinazojadiliwa hapa ilitokana na kuchanganya hali hizo mbili.

Marekani: kutoka kupuuzwa hadi pilikapilika za kutunga sheria

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 selimundu ilikuwa karibu haijulikani kwa umma wa Marekani, ijapokuwa wataalamu walikuwa wameshaifahamu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 daktari Robert Scott alichapisha makala katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo akilinganisha selimundu na magonjwa mengine ya kurithi. Kwa mwaka 1967, alikadiria wagonjwa wapya 1,155 wa selimundu, 1,206 wa ugonjwa wa mapafu na kongosho uitwao saistiki faibrosisi, na 813 wa ugonjwa wa kudhoofika misuli. Lakini michango ya hiari ilikuwa dola milioni 1.9 kwa saistiki faibrosisi, dola milioni 7.9 kwa ugonjwa wa misuli, na chini ya dola 100,000 kwa selimundu. Kwa kuwa wagonjwa wengi wa selimundu nchini humo walikuwa Wamarekani Weusi, takwimu hizo hazikuhitaji ufafanuzi mrefu ili zieleweke kuwa ni suala la haki.

Wakati huohuo chama cha Black Panther kilianza mwaka 1971 kampeni ya kuwapima watu bila malipo katika zahanati zake na katika mikusanyiko ya hadhara, kikilieleza suala la selimundu kuwa sehemu ya madai ya haki za raia. Februari mwaka huohuo Rais Richard Nixon, katika ujumbe wake kwa Bunge kuhusu afya, aliahidi kuongeza fedha za utafiti wa selimundu hadi dola milioni 6. Ni nadra kundi la wanaharakati na serikali iliyokuwa ikilipeleleza kundi hilo kukubaliana juu ya jambo moja, na kukubaliana huko kunaonyesha jinsi suala lenyewe lilivyokuwa limeiva kisiasa. Hata hivyo, wakati huo matabibu hawakuwa na dawa ya kubadilisha mwenendo wa ugonjwa, na kipimo kilichotumika sana katika kampeni za umma, ambacho kilionyesha tu kuwapo kwa himoglobini ya selimundu, hakikuweza chenyewe kumtenganisha mgonjwa na mbeba kinasaba. Sheria zilizofuata ziliandikwa juu ya msingi huo mwembamba.

Massachusetts ilitangulia mwaka 1971 kwa kuweka upimaji wa lazima kwa watoto wa shule, na katika muda wa miaka michache zaidi ya majimbo kumi yalikuwa na sheria za namna hiyo, baadhi zikiwalenga watoto wanaoandikishwa shule na nyingine zikiwalenga wachumba wanaoomba leseni ya ndoa. Nyingi ya sheria hizo zilikuwa na kasoro tatu zinazofanana. Ya kwanza ilikuwa ya umri: mtoto wa miaka sita amekwisha kuupita muda ambao kugunduliwa mapema kungemfaa zaidi akiwa mgonjwa, na bado yuko mbali na umri wa kupanga uzazi akiwa mbeba kinasaba, hivyo jibu analopewa halina kazi katika pande zote mbili. Ya pili ilikuwa ya rangi: New York, kwa mfano, iliandika kipimo cha kabla ya ndoa kwa namna iliyowagusa Weusi na kuwaacha Wazungu, na kwa kufanya hivyo iliufundisha umma kwamba selimundu ni alama ya rangi, ilhali kinasaba hicho hupatikana pia miongoni mwa watu wa Ugiriki, Sicilia, Uarabuni na India. Ya tatu ilikuwa ya kunyamaza, kwa maana kwamba sheria nyingi ziliagiza damu ichukuliwe bila kuagiza ushauri nasaha, usiri wa matokeo, wala huduma kwa atakayekutwa anaumwa.

Sheria ya 1972 na kosa katika utangulizi wake

Tarehe 16 Mei 1972 Rais Nixon alitia saini sheria ya shirikisho ya kudhibiti selimundu, iliyoidhinisha dola milioni 115 kwa miaka mitatu kwa ajili ya upimaji, ushauri nasaha, elimu kwa umma na utafiti. Katika vifungu vyake vya utendaji sheria hiyo ilikuwa bora kuliko zile za majimbo: ilitaka upimaji katika miradi inayopata fedha zake uwe wa hiari, na matokeo yatunzwe kwa siri. Masharti hayo ya fedha yalikuwa na nguvu ambayo mawaidha yasingekuwa nayo, kwani jimbo lililotaka ruzuku lililazimika kuacha ulazima, na baadhi ya majimbo yalizirekebisha au kuzifuta sheria zao za mwanzo.

Lakini sheria hiyohiyo ilibeba kosa katika sehemu inayosomwa na watu wengi zaidi, yaani utangulizi. Humo Bunge lilitamka kwamba selimundu ni ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha, unaowasumbua takribani raia milioni mbili wa Marekani. Idadi hiyo kwa hakika ilikuwa ya wabeba kinasaba. Wagonjwa wenyewe walikuwa makumi ya maelfu. Kwa sentensi moja, watu wapatao milioni mbili wenye afya zao waliandikwa kuwa wagonjwa katika hati rasmi ya taifa. Inawezekana waandishi walitaka kuonyesha ukubwa wa tatizo ili fedha zipatikane, na ushawishi wa namna hiyo ni wa kawaida katika utungaji wa sheria. Lakini utangulizi wa sheria si hotuba ya kampeni, kwa sababu mwajiri au wakala wa bima anaweza kuushika mkononi na kuutumia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka iliyofuata ziliripotiwa kesi za wabeba kinasaba kunyimwa bima ya maisha au kutozwa malipo makubwa zaidi, na wengine kukataliwa kazi, ikiwa ni pamoja na kazi za ndegeni. Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa vijana wabeba kinasaba hadi mwaka 1981, kilipobadilisha msimamo huo baada ya kushtakiwa mahakamani. Kulikuwa na hoja ya kitabibu iliyotumiwa kuutetea msimamo huo, nayo ni vifo vya askari wanne wabeba kinasaba waliokuwa kwenye mazoezi makali katika sehemu ya mwinuko, vilivyoandikwa mwaka 1970. Hoja hiyo ilistahili kuleta tahadhari katika mazoezi, kama vile maji ya kutosha, mapumziko na kuzoea mwinuko hatua kwa hatua, lakini haikutosha kulifungia mlango kundi zima la watu wenye afya. Zaidi ya hayo, palipokuwa na upimaji bila ushauri nasaha, wapo wazazi walioondoka wakiamini kuwa watoto wao wangekufa mapema, na wapo Weusi walioanza kushuku kwamba lengo la upimaji lilikuwa kuwazuia wasizae. Mpango uliokusudiwa kujenga imani baina ya dola na jamii iliyopuuzwa uliishia, kwa sehemu, kuibomoa.

Kipimo kinapopata sababu

Sura iliyofuata ya historia hiyo inaonyesha ni nini kilichokosekana. Mwaka 1986 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha watoto wadogo 215 wenye selimundu, ambao baadhi yao walipewa penisilini ya kumeza kila siku na wengine dawa isiyo na nguvu kwa ajili ya ulinganisho. Katika kundi la watoto 105 waliopewa penisilini, wawili tu walipata maambukizi makali ya damu. Katika kundi la watoto 110 ambao hawakuipata, waliambukizwa 13, na watatu kati yao walifariki. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wengine dawa hiyo. Matokeo hayo yaliupa upimaji wa watoto wachanga maana mpya: sasa jibu la maabara lilifuatwa na jambo la kufanya, tena la gharama ndogo, kabla mtoto hajafikisha miezi minne.

Mwaka 1987 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya za nchi hiyo lilipendekeza kwamba watoto wote wachanga wapimwe bila kujali rangi, na kufikia mwaka 2006 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yakifanya hivyo. Inafaa kulinganisha vipindi hivyo viwili. Katika miaka ya 1970 sheria ilitangulia tiba, ikalenga rangi moja, na kuzua upinzani; katika kipindi cha baadaye sheria ilifuata tiba, ikamhusu kila mtoto, na kukubalika kwa upinzani mdogo sana. Pengo lililokuwa limebaki upande wa ubaguzi lilizibwa kwa sehemu mwaka 2008, ilipopitishwa sheria ya shirikisho inayokataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa sababu ya taarifa za vinasaba vyake, ingawa bima ya maisha haikuguswa na sheria hiyo.

Ndoa na wakati wa kupima

Nchi za Ghuba zilichukua njia nyingine, ambayo inastahili kutazamwa kwa kuwa mara nyingi hupendekezwa Afrika Mashariki. Mwaka 2004 Saudi Arabia iliweka sharti kwamba wachumba wapimwe selimundu na talasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, kabla ya kufunga ndoa, huku uamuzi wa mwisho ukiachwa mikononi mwao wenyewe. Mwanzoni wachumba tisa hivi kati ya kumi waliogunduliwa kuwa katika hatari ya kuzaa watoto wagonjwa waliendelea na ndoa zao, kwani jibu liliwafikia posa ikiwa imekubaliwa, mahari imelipwa na wageni wamealikwa. Kufikia mwaka 2009, baada ya miaka kadhaa ya elimu na ushauri nasaha, zaidi ya nusu ya wachumba wa aina hiyo walikuwa wakiahirisha au kuvunja uchumba kwa hiari yao. Kifungu cha sheria kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni uelewa uliokizunguka. Somo lake ni kwamba ulazima wa kipimo huleta jibu, lakini wakati wa kulipokea jibu na maarifa ya anayelipokea ndivyo vinavyoamua kama litakuwa na faida.

Kutoka azimio hadi kifungu cha sheria Afrika Mashariki

Tarehe 22 Desemba 2008 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililoitambua selimundu kuwa tatizo la afya ya jamii na kuitenga tarehe 19 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kuongeza uelewa. Azimio hilo, ambalo nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kulipigania, lina thamani ya kutambua, lakini halimpi mgonjwa yeyote haki anayoweza kuidai kwenye dirisha la dawa. Kazi hiyo imebaki kwa mabunge ya nchi, nayo si ndogo: inakadiriwa kuwa mwaka 2021 watoto wapatao 515,000 duniani walizaliwa na selimundu, zaidi ya robo tatu yao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara, na Tanzania pekee hukadiriwa kupata watoto takribani 11,000 kwa mwaka.

Nchi za ukanda huu zinaanza zikiwa na nafasi nzuri kuliko Marekani ya 1972, kwa sababu tiba zilizothibitishwa zipo. Penisilini na chanjo hupunguza vifo vya utotoni. Na utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ambao matokeo yake yalichapishwa kuanzia mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea inaweza kutumika kwa usalama kwa watoto wa Afrika na kwamba hupunguza maumivu, maambukizi, uhitaji wa kuongezewa damu na vifo. Uwezo wa kupima nao upo. Nchini Uganda, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014 na 2015 ulitumia matone ya damu yaliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto wachanga, ukaonyesha kuwa takribani asilimia 13 ya watoto hao walikuwa wabeba kinasaba na chini ya asilimia moja walikuwa wagonjwa. Takwimu hizo mbili, zikiwekwa bega kwa bega, ndizo zinazopaswa kuandikwa katika utangulizi wa sheria yoyote, kila moja kwa jina lake.

Msingi wa kisheria pia haujengwi upya kutoka chini kabisa. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008, kama ile ya Kenya ya mwaka 2006, iliweka misingi ya ridhaa, ushauri nasaha, usiri na kukataza ubaguzi. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaweka mipaka ya matumizi ya taarifa za afya. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ya mwaka 2023 inafungua njia ya kulipia matibabu. Methali inayosema mficha maradhi kifo humuumbua humlaumu anayeficha, lakini jamii yenye kumnyima mbeba kinasaba mchumba, kazi au bima ndiyo inayomfundisha kuficha, na ni sheria inayoweza kufanya kusema kuwe na usalama kuliko kunyamaza.

Kutokana na hayo yote, mpangilio wa muswada unajitokeza wenyewe. Sehemu ya kwanza iwe ya fasili, ikimtenganisha mgonjwa na mbeba kinasaba kwa maneno ambayo mwajiri hawezi kuyapotosha. Ya pili iweke wajibu wa dola: dawa za msingi ziwepo katika vituo vilivyotajwa, damu salama ipatikane, na bima isimtenge mgonjwa kwa sababu alizaliwa na ugonjwa. Ya tatu ihusu upimaji wa watoto wachanga wote, ukianzia katika mikoa ambayo huduma za sehemu ya pili zimekwisha kufika. Ya nne iweke usiri na adhabu kwa anayebagua. Elimu kwa umma, shuleni na katika kliniki za wajawazito, iwe sehemu ya tano, na upimaji wa vijana na wachumba uwe wa hiari na ufanyike mapema, kabla familia hazijafikia hatua ya posa. Wapo watakaosema kwamba kuanza na matibabu ni kuchelewesha uelewa kwa sababu fedha ni chache. Lakini Marekani, nchi yenye fedha nyingi kuliko zote, ilianza na kipimo kilichokuwa rahisi, ikatumia zaidi ya miaka kumi kusahihisha hofu iliyotokana nacho. Mama aliyeelezwa kuhusu selimundu siku ileile mwanawe anapoanzishiwa penisilini ameelimishwa kwa namna ambayo bango la barabarani haliwezi, naye ndiye atakayewaeleza jirani zake kwamba ugonjwa huu unajulikana, unatibiwa, na haumfanyi mbeba kinasaba kuwa mgonjwa.